Klachi Katikati: Pikipiki Mbili Kutoka Mwanza Hadi Kivu

Swali: "Shikamoo kaka. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mwanza, naendesha Boxer 150 mwaka wa tano sasa. Rafiki yangu niliyesoma naye ana Honda CRF250L. Likizo ya Juni tunataka kwenda Rwanda kwa pikipiki, tuzunguke mpaka Ziwa Kivu na kurudi. Hatujawahi kutoka nje ya nchi. Naogopa kuendesha upande wa kulia, na pia mwenzangu ana spidi kuliko mimi. Je, Boxer itaviweza vilima vya kule? Tujiandae vipi?"

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na lililo jepesi: Boxer itaviweza. Kigali inabebwa na pikipiki ndogo kama yako na ndogo kuliko yako, zinapanda na abiria mgongoni kutwa nzima kwenye miinuko ambayo huku kwetu mtu angeijengea ngazi. Utapanda polepole, gia ya pili, pengine ya kwanza, lakini utapanda.

Zito ni lile ulilolipitia kwa maneno machache, kwamba mwenzako ana spidi. Nimeingia Rwanda kwa pikipiki mara nne. Safari moja tu iliniharibikia, na haikuharibiwa na upande wa kulia, wala mvua, wala mtu wa mpakani. Tulikuwa wawili, tunajuana tangu tukivaa kaptula za shule, na tulifika Nyamasheke hatusemezani. Nitakusimulia. Acha kwanza tuvuke mpaka.

Tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lifunguliwe Juni 2025, mambo ya kupanga foleni ya kivuko yamekwisha. Mnatoka Mwanza alfajiri, Geita, Biharamulo, Lusahunga, kisha mnaingia njia ya malori yanayotoka Dar kwenda Kigali. Mwenye haraka anaweza kulala Kigali siku hiyo hiyo. Ninyi msiwe na haraka. Laleni Benako, au kama mnapenda mji mtulivu zaidi ingieni Ngara, mvuke asubuhi yake. Hapo Benako mtapaona pa kawaida tu, vibanda na malori, lakini mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo pale mpakani kwa muda wa siku moja hivi na kupiga kambi hapo. Ni vizuri kulijua hilo kabla ya kuingia nchi yenyewe.

Sababu ya kulala upande wetu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba upande wa kulia unataka kichwa kilichopumzika, na mtu aliyekaa juu ya Boxer kwa muda wa saa nane hana kichwa cha namna hiyo. Ya pili ni saa. Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja. Ukivuka saa tisa alasiri unakuta kwao ni saa nane, unafurahi umeongezewa muda, kumbe jua halijaongezewa kitu. Biharamulo jua linazama karibu saa moja usiku. Kigali linazama karibu saa kumi na mbili jioni. Mgeni anayehesabu kwa mazoea ya nyumbani hujikuta gizani kwenye kona za milimani. Msiendeshe usiku kule, na kwenye hilo sina mjadala.

Jambo la kufurahisha kuhusu saa ni kwamba Wanyarwanda huhesabu kama sisi, na kwa maneno yetu: saa moya, saa mbiri, saa tatu. Ukiambiwa "saa tatu" ni saa tatu ile ile unayoijua.

Karatasi. Pasipoti, maana ule utaratibu wa kuvuka kwa kitambulisho cha taifa ni wa Wakenya, Waganda na Wanyarwanda, sisi hatumo. Leseni yenye daraja la pikipiki. Kadi ya pikipiki yenye jina lako, na kama jina ni la kaka yako au la benki, barua ya ruhusa iliyogongwa muhuri. Halafu kuna kadi mbili za njano ambazo watu huzichanganya kila siku: moja ni ya chanjo ya homa ya manjano, nyingine ni ya bima ya COMESA inayolinda chombo chako nje ya nchi. Ya bima omba kwa kampuni iliyokukatia bima ya nyumbani, na ufanye hivyo mapema, siyo Ijumaa jioni ya kuamkia safari.

Rusumo ni kituo cha pamoja tangu 2016. Maana yake ni kwamba ukitoka Tanzania husimami upande wa Tanzania. Unavuka daraja, maporomoko ya Akagera yakiunguruma chini yako, na kwenye jengo la upande wa Rwanda unakuta maafisa wa nchi zote mbili. Watu wa kwanza kukugongea ni wa kwetu, wanaokufuata ni wa kwao, kisha forodha wanakuandikia pikipiki kama chombo cha mgeni. Karatasi hiyo ya forodha itunze kama noti, kwa sababu bila hiyo siku ya kurudi itakuwa ndefu.

Sasa upande wa kulia.

Tanganyika ilitawaliwa na Mwingereza, Rwanda na Mbelgiji, basi. Burundi na Kongo nako ni kulia. Watu hudhani hatari iko kwenye magari mengi. Hapana. Kwenye magari mengi unafuata mkumbo, hata ungetaka kukosea utaona sura za madereva wakikujia. Hatari ni barabara tupu, asubuhi, au mara baada ya kusimama. Kayonza tulinywa chai sheli, tukapiga soga, tukajaza mafuta. Mwenzangu akawasha na kutoka mbele yangu akiimba, akaingia kushoto kwake kama anatoka Nyegezi. Alikwenda mita mia mbili hivi. Basi lilipotokea mbele alidhani dereva wa basi ndiye kichaa, akampigia honi. Aliyemwokoa ni dereva huyo, aliyekuwa na breki nzuri na subira nyingi.

Mwili wako umejifunza kwa miaka mitano na hautabadilika kwa kuambiwa. Unahitaji kitu cha kushika. Mimi nawafundisha wanafunzi wangu maneno mawili: klachi katikati. Klachi iko mkono wa kushoto. Nyumbani mkono unaokuwa upande wa mstari wa katikati ni wa kulia, mkono wa moto, ule unaouzungusha kuongeza mwendo. Rwanda ni mkono wa klachi. Kila ukiwasha pikipiki, kabla hujaachia, tazama mkono wako wa kushoto na useme kwa sauti: klachi katikati. Utajiona mjinga siku mbili za kwanza. Sema tu, ndani ya helmeti hakuna anayekusikia.

Kinachofuata kutokana na hapo ni hiki. Kukata kulia ndiko kufupi, kukata kushoto ndiko unakokatiza magari yanayokuja. Saidi mira ya kazi sasa ni ya kushoto, kwa hiyo kabla ya kuovateki geuza shingo kushoto, maana mazoea yatakugeuzia kulia ambako hakuna kitu ila mtaro. Na hata ukiwa kwa miguu, unavuka kwenda kununua maji, gari la kwanza litatokea kushoto kwako. Wageni wengi hugongwa wakitembea.

Kuna neno moja la kwetu litakalokuponza: kiplefti. Sisi mzunguko wa barabara tumeuita hivyo kwa sababu unakaa kushoto. Kigali imejaa mizunguko, na yote inazungukia kinyume, mkono wa kulia, mwendo wa kurudisha saa nyuma, na anayekujia anatokea kushoto. Mzunguko wa kwanza usiuingie peke yako. Subiri gari liingie, lifuate mgongoni. Wa pili na wa tatu utazoea.

Kigali kuna jambo jingine: pikipiki za umeme zimekuwa nyingi, na hizo hazina mlio. Wewe umezoea kumsikia bodaboda kabla hujamwona. Kule hutamsikia.

Kuhusu polisi nitakuwa mkali kidogo. Wako barabarani, ni wastaarabu, na hawaongei sana. Kamera za mwendo zimetapakaa mpaka wenyeji wamezipa jina la kike, Sofia. Ukisikia dereva anamwambia mwenzake kuna Sofia mbele, hamaanishi mchumba. Vibao ni vya 40, 60 na 80, na vinabadilika kila mnapoingia na kutoka kwenye vijiji, ambavyo havikatiki kabisa. Nchi nzima ni kama kijiji kimoja kirefu. Ukikamatwa, utaandikiwa na utalipa kwa utaratibu wao. Usijaribu ile sauti yetu ya chini ya "tuyamalize hapa hapa, afande." Hapa kwetu pengine ungeambiwa nenda bwana. Kule kumpa polisi kitu ni kosa kubwa kuliko lile lililokusimamisha, na watu hulala ndani kwa ajili hiyo. Pombe na usukani ni vivyo hivyo. Abiria ni mmoja na avae helmeti, hakuna mishikaki. Mifuko ya rambo iliyofunga nguo zenu iacheni nyumbani. Wao waliipiga marufuku 2008, miaka kumi na moja kabla yetu.

Na mtazame kalenda. Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi ni umuganda, kazi ya pamoja ya usafi na ujenzi, kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi. Maduka yanafungwa na barabara zinanyamaza. Siku hiyo laleni mpaka saa tatu, osheni cheni.

Tuje kwenye vyombo. Hapa ndipo kuna kichekesho ambacho mwenzako hajakifikiria. CRF250L ina tangi la lita 7.8, Boxer yako ina lita 11 hivi na inakunywa kidogo. Kwa hiyo yule mwenye spidi ndiye atakayeishiwa kwanza. Wewe utapita kilomita 400 bila wasiwasi. Yeye akifika 200 aanze kutafuta sheli. Mjaze pamoja kila mara kwa kipimo cha tangi lake. Neno la petroli ni lisansi, na dizeli ni mazutu. Likariri, maana "mafuta" ukiyataja dukani unaweza kuletewa ya kupikia au ya kujipaka.

Vipuri ni kinyume cha umbo. Boxer na TVS ndizo pikipiki za kazi za Rwanda, fundi yupo kila njia panda na tairi la inchi 17 linapatikana mpaka sokoni. CRF ina ringi ya 21 mbele na 18 nyuma. Tyubu zake mbebe wenyewe, na waya wa klachi, na vishikio vya breki na klachi, kwa sababu pikipiki ikilala hata ikiwa imesimama ndivyo huvunjika. Yake haina kabureta, kompyuta inajipimia hewa yenyewe. Yako ina kabureta, na ukifika maeneo ya mita 2,000 na kuzidi itapumua kwa shida na kutoa moshi mweusi kidogo. Usichokoe. Ukishuka itapona.

Kitu kimoja ningekufanyia mimi kama ungekuwa karibu: sproketi ya mbele ipunguzwe jino moja. Utapoteza mwendo kidogo kwenye tambarare za Geita, lakini milimani utapata nguvu ya kupanda na, lililo muhimu zaidi, utapata injini inayokushika wakati wa kushuka. Kule mteremko mmoja unaweza kuwa wa kilomita kumi. Anayeshuka kwa breki peke yake huzichemsha, na breki iliyochemka inakubonyea kama ndizi mbivu. Shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia. Na mtaona vijana wa baiskeli wamebeba ndizi au magunia ya viazi, wanashuka kwa kasi ya ajabu, breki yao ni kandambili. Wapisheni.

Sasa nilichokuahidi.

Mwaka ule mimi nilikuwa na chombo kizito, mwenzangu chepesi. Hatukupatana lolote kabla ya kuondoka, kwa sababu tulikuwa marafiki, na marafiki huona haya kuwekeana masharti. Yeye alikuwa anatangulia. Mwanzoni ananisubiri kwenye kila njia panda, halafu kila mji, halafu ananiambia tukutane jioni. Baada ya Karongi tairi langu la nyuma lilikula msumari. Pampu ilikuwa kwenye begi lake. Simu yake ilikuwa mfukoni, imezimwa kuokoa chaji. Nilisukuma pikipiki kwenye mpando, watoto wa shule wakanisaidia kusukuma, fundi akapatikana, nikafika Nyamasheke usiku. Nilimkuta amekula, ameoga, anauliza mbona nimechelewa. Sikumjibu. Kwa siku mbili sikumjibu. Tuliupita msitu wa Nyungwe, ambao watu huvuka bahari kuja kuuona, nikiwa natazama taa yake ya nyuma na kumhesabia makosa ya tangu darasa la nne.

Aliyekosea siyo yeye peke yake. Mimi ndiye niliyenyamaza siku ya kwanza aliponiacha kilomita tano.

Basi kabla hamjaondoka, kaeni mahali, siyo kwenye simu, mkubaliane haya kwa maneno. Wewe mwenye Boxer ndiye unatangulia, kila siku, kutoka asubuhi mpaka jioni. Mwenye nguvu hukaa nyuma. Atanung'unika kwamba unamchosha. Mwambie anayekaa nyuma ndiye anayeona kila kitu, na ukianguka ndiye atakayekuokota. Msiende sambamba. Wewe ukiwa upande wa klachi wa njia yenu, yeye akae upande wa moto, nyuma kidogo, ili kila mmoja awe na nafasi ya kukwepa shimo. Kwenye kona mpangilio huo uacheni, kila mtu achague njia yake. Kila njia panda, anayetangulia asimame mpaka aione taa ya mwenzake kwenye saidi mira. Ndiyo hiyo tu, na ingeniokolea urafiki wa mwaka mzima.

Vifaa gawaneni kwa akili. Pampu na viraka viwe na kila mmoja, hata kama ni kujirudia. Dawa hali kadhalika. Kila mmoja abebe karatasi yenye jina la mwenzake, namba ya mtu wa nyumbani kwake na maradhi aliyonayo. Namba za Rwanda ni 112 kwa dharura, 113 kwa ajali za barabarani, 912 kwa gari la wagonjwa. Ziandikeni kwenye karatasi hiyo hiyo, maana simu nayo huanguka.

Fedha huleta ugomvi wa chini chini kuliko spidi. Kila asubuhi wekeni kiasi sawa kwenye pochi moja, mpokezane siku za kuishika. Chakula, malazi na maegesho vitoke humo. Mafuta kila mtu ajilipie, kwa sababu unywaji wa pikipiki zenu si sawa, na ukimlipia lita zake siku ya sita utaanza kuzihesabu. Bia kila mtu na yake.

Halafu kuna suala la woga. Kukiwa na mvua, au ukungu, au jua limeinama, anayeamua ni yule anayeogopa zaidi. Akisema tunalala hapa, mnalala hapo, na mwenzake haulizi kwa nini wala hamtanii mbele za watu. Kwenu ninyi huyo atakuwa wewe mara nyingi. Siku ya tano itakuwa yeye, utaona. Na mkifika Karongi pumzikeni mchana mmoja kila mtu kivyake. Watu wawili wanaotazamana wiki nzima huanza kuchukiana kwa namna mwenzake anavyotafuna.

Njia ningewapitisha hii: Rusumo, Kayonza, Kigali, mlale hapo siku mbili. Kisha Musanze kwenye miguu ya volkano, ambako asubuhi Karisimbi ikijifunua mtaona mlima wa mita 4,507 ukiwa umevaa wingu kama kilemba. Hapo ni baridi, mkaja na makoti ya Mwanza mtajuta. Kutoka Musanze mnashuka Rubavu kwenye Ziwa Kivu, mnafuata lami ya kando ya ziwa kwenda kusini kupitia Karongi hadi Nyamasheke, mnakata mashariki kuingia Nyungwe, mnatokea Huye, mnarudi Kigali. Siku nane au tisa bila kujikimbiza. Zungukeni kwa mwelekeo huo, msigeuze. Ukienda kusini kwa upande wa kulia, ziwa liko mkono wako wa kulia, na unapotaka kusimama kutazama huhitaji kukatiza barabara kwenye kona isiyoona mbele. Ukienda kaskazini kila picha ni kuhatarisha roho. Ni kweli genge nalo linakuwa upande wako, basi usitazame ziwa huku unaendesha.

Ile barabara ya Kivu ndiyo iliyonirudisha mara nne. Hakuna mahali pamenyooka kwa zaidi ya dakika moja. Chai, migomba, visiwa vidogo, tena chai. Jioni wavuvi wanatoka kwa mitumbwi iliyofungwa mitatu mitatu, wanaimba wakipiga makasia. Wanachovua ni sambaza, na ukila utasema nimewahi kula hawa, na utakuwa umesema kweli: ni dagaa wa Ziwa Tanganyika, waliohamishiwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Ziwa lenyewe halina mamba wala kiboko, ila chini kabisa lina gesi ya methani, na karibu na Karongi kuna mtambo unaoivuta na kuifanya umeme.

Lakini sikilizeni taarifa ya habari kabla ya kufika Rubavu. Goma ya Kongo iko ng'ambo ya mtaa tu, na ilitekwa na waasi wa M23 Januari 2025. Bukavu, inayotazamana na Rusizi, ilifuata mwezi uliofuata. Msivuke, hata kwa saa moja, hata mkiambiwa na nani. Hali ikiwa mbaya acheni Rubavu kabisa: kutoka Kigali piteni Muhanga mwende moja kwa moja Karongi. Rusizi mjini nako hakuna ulazima, kwa kuwa barabara ya Nyungwe inakata kabla ya kufika. Na kama mmepanga kurudi kwa Burundi ili muione Bujumbura, futeni. Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024, na mimi nisingepanga safari kwa kutegemea uvumi kwamba umefunguliwa.

Nyungwe ingieni asubuhi, tangi zimejaa, makoti yamefungwa. Barabara inakata msitu kwa makumi ya kilomita, hakuna sheli, hakuna duka, na kuna ukungu unaoweza kukufunga macho katikati ya Juni. Nyani hukaa barabarani na hawaogopi honi. Msisimame kuwalisha. Huko juu mnapita mgongo unaogawa maji, tone likiangukia mashariki linakwenda Nile, likiangukia magharibi linakwenda Kongo. Mwezi Septemba 2023 UNESCO iliuweka msitu huo kwenye orodha ya urithi wa dunia. Mtatokea Kitabi kwenye mashamba ya chai mkiwa mmeganda vidole. Agizeni chai ya maziwa.

Juni mmechagua vyema. Mvua kubwa ni Machi hadi Mei, na milima ya magharibi huporomoka. Mei 2023 mafuriko na maporomoko ya usiku mmoja yaliua watu zaidi ya 130 upande huo.

Kuhusu watu. Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017, lakini urasmi ni wa karatasi. Kigali na mijini mtaelewana; vijijini mzee wa watu atakutazama kwa upole tu. Jifunzeni machache: muraho ni salamu, amakuru ni habari, jibu lake ni meza, asante ni murakoze. Kulia ni iburyo, kushoto ibumoso. Mengine mtayasikia wenyewe, imbere na inyuma hayahitaji mkalimani. Ila "hafi" ni karibu na "kure" ni mbali, na mtu wa milimani akikuambia hafi, hesabu kilomita tano.

Kuna swali moja ambalo Mtanzania huuliza bila kufikiri, kwa mapenzi kabisa, ili apate utani: wewe ni kabila gani? Sisi tunauliza tukijua likitoka tutacheka, Mnyamwezi huyu, Mhaya yule. Rwanda msiliulize. Kwa mtu yeyote, kwa sababu yoyote, hata baada ya urafiki na mishikaki ya mbuzi. Watu waliuawa kwa jibu la swali hilo, na leo jibu linalotolewa ni kwamba wao ni Wanyarwanda. Mkiwa Kigali nendeni Gisozi, kwenye kumbukumbu ya mauaji ya kimbari, ambako wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Mwende siku ambayo hamna safari, msipige picha za kujionyesha, na mkitoka msiwashe pikipiki mara moja. Wiki inayoanza Aprili 7 ni ya maombolezo, na kumbukumbu huendelea kwa siku mia moja. Juni yenu imo ndani ya siku hizo. Mambo yanaendelea kama kawaida, lakini mtu akiwa kimya kuliko mlivyotarajia, mwacheni na ukimya wake.

La mwisho ni siku ya kurudi. Huko mwishoni upande wa kulia utakuwa umekuingia kwenye damu. Mtafika Rusumo mmechoka, mnanukia nyumbani, mnagongewa karatasi baada ya kuvuka daraja, maana safari hii kituo chenu ni cha upande wa Tanzania, mnawasha na kuondoka. Pale ndipo mimi mwenyewe, mwalimu wa watu, niliingia kulia na kukutana uso kwa uso na lori la saruji. Mkigongewa pasipoti, shukeni, kunyweni maji, mkae dakika kumi. Kisha tazama mkono wako wa kulia, useme: moto katikati.